Kabla Hujaweka Mkeka wa Sikukuu

Mwanangu mpendwa,

 

Mama yako ameniambia siku hizi hakuna mechi inayokupita bila kuibetia. Na mshahara wa Desemba, najua, huingia mapema kabla ya Krismasi, wakati Waingereza nao wanacheza mfululizo sikukuu nzima. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi.

Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, kwa hiyo nivumilie. Chukua mkeka wa mechi kumi, na kila timu uliyoichagua tuseme ina uwezekano wa kushinda mara 7 kati ya 10. Unaona mkeka umeshapita. Lakini lazima zote zitiki, na ukizidisha pamoja 0.7 za mechi zote kumi unapata chini ya 0.03. Katika mikeka 100 ya aina hiyo, haifiki mitatu inayotoka. Mingine yote inachanika, maana hata mechi moja tu inatosha kuichana. Ukiona kampuni za kubeti zinakuahidi bonasi ukiongeza mechi, jiulize kwa nini.

Pesa inauma, lakini kuna linaloniuma zaidi. Mara ya mwisho ulipokuja tuliangalia watani wa jadi wakicheza. Macho yako yalikuwa kwenye simu, unahesabu kona za timu za Uturuki. Bao likaingia, sebule nzima ikasimama, wewe ukauliza nani kafunga. Wewe, uliyekuwa ukibebwa mabegani na baba yako pale uwanja wa Mkwakwani kuwaona Coastal Union!

Sisi tulipopata habari kwamba mwanariadha wetu Filbert Bayi ameongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho kule Christchurch, 1974, na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.16, hakuna aliyekuwa na shilingi yake pale. Furaha ilitutosha. Taifa Stars walicheza fainali za Afrika Lagos mwaka 1980, wakarudi tena 2019 kule Misri. Miaka 39 watu waliwashangilia, na hawakulipwa kitu.

Sasa fainali za 2027 zinakuja kwetu, pamoja na Kenya na Uganda. Hela ya mikeka iweke pembeni, ununue tiketi yako na ya baba yako. Hajawahi kuingia uwanjani kuiona AFCON.

Mshahara ukiingia, anza na kodi ya chumba, kisha ada na sare za mdogo wako, maana shule zinafunguliwa Januari na mshahara mwingine bado uko mbali. Tiketi ya basi ya kuja huku Tanga kata mapema, dirishani. Wapiga debe waache. Programu ya kubeti ifute kabla hujapanda gari, nami nitakuuliza ukifika.

Nakuombea safari njema.

Shangazi yako