Ukuta wa Shangazi

Tulishuka gatini Lamu baada ya Alasiri, tukivuka kutoka Mokowe, siku chache kabla ya Maulidi. Katika Usita wa Mui tulipishana na punda waliobeba magunia ya mchanga na chokaa, kwani wenye nyumba walikuwa mbioni kutengeneza kuta zao kabla wageni hawajafika. Sisi tulikuwa tumeitwa. Shangazi yetu, mwenye nyumba ya ghorofa mbili huko Mkomani, alituletea maneno machache tu kwa simu: "Njooni muuone ukuta wenu."

Aliuita wetu kwa haki. Miaka 9 iliyopita tulichanga, sisi wana wa nduguze, tukaibandua lipu ya kale ya chokaa iliyokuwa ikipukutika, tukapiga lipu ya simiti, na juu yake rangi ya plastiki. Fundi mmoja mzee alitunasihi tuache. Tukamwona mtu wa zamani. Waliolitoa shauri lile na kulishikilia, wasomaji watuwie radhi, ni sisi tunaoandika safu hii.

Mwaka wa kwanza nyumba ilipendeza, na wapita njia wakaisifu. Sasa upande wa bahari rangi imevimba kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Ukiibonyeza kwa kidole hupasuka, na ndani hutoka unga mweupe wa chumvi. Chumbani mwa shangazi kuvu nyeusi imepanda hadi kwenye zidaka, naye hukohoa usiku kucha.

Nyumba za mji mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake huchukuliwa na boriti za mikoko. Jiwe la tumbawe lina vitundu. Hunywa maji ya ardhini na ya hewa ya chumvi, kisha huyatoa likipigwa na upepo. Chokaa huyapisha. Simiti na plastiki huyazuia, na maji yaliyokosa njia ya nje hutafuta ya ndani. Chumvi nayo ikikaukia nyuma ya lipu huganda, ikaisukuma mpaka ikaachana na jiwe.

Usiku ule tulishauriana barazani. Mdogo wetu mmoja alisema kazi hii haina mwisho, na kwamba wapo wageni wanaotafuta nyumba za kale kwa fedha nyingi, kama walivyokwisha kununua nyingine hapo mjini na Shela. Shangazi ahamie Mombasa kwa watoto. Hatukuweza kumlaumu, kwani kuibandua simiti kungetugharimu kuliko tulivyolipa kuipiga. Shangazi alisikiliza hadi kahawa ikapoa. Kisha akamwuliza, "Na mimi, mwanangu, mmenitia bei gani?"

Hakuna aliyejibu.

Kulipopambazuka tulimwendea fundi yule yule. Alitupokea bila kutukumbusha lolote, jambo ambalo lilituuma zaidi. Alitufundisha kuibandua simiti kwa tindo na nyundo ndogo, polepole, maana ukiipiga kwa nguvu hutoka na uso wa jiwe. Baada ya hapo, akasema, ukuta uachwe upumue. Maulidi yakapita, kasida zikisikika njiani, na nyumba yetu peke yake ikiwa uchi. Tuliingia na kutoka tukiwa tumeinamisha vichwa.

Tulirudi baada ya miezi mitatu. Lipu ya chokaa na mchanga ilikuwa imeshika, na fundi alikuwa ameikoroga chokaa ya kupaka ikawa nyepesi kama maziwa ya ng'ombe. Tuliurowesha ukuta kwanza, tukapaka kivuli kilipoufikia, maana chokaa ikikaushwa na jua kwa haraka hubaki unga. Mkono wa kwanza ulionekana kama maji machafu tu, na mdogo wetu, aliyekuwa ameshika ndoo, akatutazama kwa wasiwasi. "Ngojeni ikauke," fundi akasema.

Asubuhi ya pili ukuta ulikuwa umeng'aa. Shangazi akatoka na mkongojo wake, akaupapasa, kiganja kikatoka na weupe. Akakitazama, kisha akakipangusa kwenye kanzu yetu.