"Likinijia, narudi nyuma"

Jioni moja ya Desemba, watoto wa dadangu wakiwa kwangu kwa likizo, nilimtoa mpwa wangu wa kike uhai. Usishtuke, msomaji. Ilikuwa mezani, kwa dadu na penseli. Hata hivyo alikunja karatasi yake mara nne, akaenda kulala bila kuniaga, nami nikabaki sebuleni nikitazama vifuniko vya soda kama mtu aliyefumaniwa.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka wa 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, na kaka mtu, mwenye miaka 16, aliuleta nyumbani kutoka kwa marafiki zake. Hauna mshindi. Kila mchezaji hujitungia mhusika, na mtu mmoja huwa msimulizi na mwamuzi: ndiye husema kuna nini nyuma ya mlango, ndiye huyachezea mazimwi, na ndiye hukata maneno watu wanapozozana. Kazi hiyo nilipewa mimi kwa kuwa ndimi mtu mzima, sababu ambayo sasa naiona kuwa hafifu. Binti, mwenye miaka 13, alimtunga mpiga mishale akampa jina la nyanyake, yaani mamangu mzazi, aliyefariki kabla yeye hajazaliwa.

Vita katika mchezo huu huenda kwa zamu. Mzunguko mmoja, hata mkiubishania nusu saa, huhesabiwa kuwa sekunde 6 tu. Zamu yako ikifika unasogea na kutenda tendo moja. Lakini pia kuna jibu la ghafla: jambo unaloweza kulifanya katika zamu ya mwingine, mara moja tu hadi zamu yako ianze tena. Adui akitaka kukuacha aende zake, waweza kumchapa. Au, ukiwa mwangalifu, unaitumia zamu yako kutega. Unasema: jambo fulani likitokea, nitafanya hivi.

Binti alitega. Zimwi lenye rungu lilikuwa upande wa pili wa ukumbi, naye alibakiwa na alama 9 za uhai. Akasema wazi, sote tukimsikia, "Likinijia, narudi nyuma."

Zamu ya zimwi ikafika. Nikasukuma kifuniko cha soda miraba 8 hadi ubavuni mwake, nikarusha dadu yenye pande 20, rungu likampata. "Lakini nilisema narudi nyuma!" akalalamika. Kakake akacheka. Kuja kwa zimwi, alisema, ni kuja kupiga. Halijamaliza kuja mpaka lipige. Ilikuwa yapata saa nne usiku nami nilikuwa nimechoka. Nikakubaliana na kijana, na neno la Mjomba likawa la mwisho. Mpiga mishale akaanguka. Aliyeanguka hurusha dadu kila zamu yake ifikapo: 10 au zaidi ni heri, chini ya hapo ni shari, na shari tatu zikitangulia heri tatu, amekufa. Binti alipata 4, 7 na 2. Muda huo wote kakake alikuwa akipigana na zimwi.

Sikulala hadi nilipokisoma kitabu cha kanuni, lile toleo la 2014. Anayetega, kinasema, hujibu mara tu jambo alilolitaja linapokwisha. Kumchapa anayekutoroka ni tofauti: pigo hilo huja kabla tu hajatoka pale silaha yako inapofika. Kanuni moja ni ya baada, nyingine ni ya kabla, na Kiingereza huzitanguliza zote mbili kwa neno moja dogo lisilokuambia ni ipi.

Sisi tuna utajiri. Linapokuja, likishakuja, kabla halijafika: kila moja ina saa yake. Lakini binti alitumia "-ki-", nayo ndiyo yenye ujanja kuliko zote. Hutoa sharti bila kukuambia limetimia lini hasa. Nililigeuza neno lake kila upande. "Likinijia." Hakusema "likinipiga". Angesema hivyo ningekuwa sahihi, maana pigo ndilo lingekuwa tukio, nalo lingekwisha kwanza. Yeye alitaja kuja. Kuja kulikwisha kifuniko kilipotua ubavuni mwake. Hapo, kabla sijagusa dadu, ndipo alipostahili kurudi nyuma. Nilimhukumu kwa neno ambalo hakulisema.

Kwetu mtu mzima hakosi mbele ya watoto. Hunyamaza tu, na kesho yake huleta peremende. Nilizifikiria peremende hizo, nakiri. Asubuhi, tukinywa chai, nikawaambia nilikosea, na kwamba tunarudi palepale kifuniko kilipotua.

Kakake ndiye aliyenishangaza kwanza. "Basi arudi tu, Mjomba, hakuna wa kumgusa," akasema haraka. Zimwi, alieleza, lilikwisha kulitumia jibu lake kumchapa yeye alipolipita katika mzunguko uleule, hivyo halikuwa na jingine la kumchapa dadake akitoroka. Ilikuwa hoja nzuri, na nilitamani sana kuikubali.

Binti alikuwa amekifungua kitabu. Akasoma, kidole kikifuata mstari, kisha akakisukuma kuelekea kwangu. "Hapana. Jibu hurudi zamu yako inapoanza. Na hii ni zamu yake."

"Si unyamaze!" kakake akamnong'oneza.

"Lakini ndivyo ilivyoandikwa."

Alisema kweli. Zimwi lilikuwa na pigo moja, kabla hajatoka penye rungu. Kinga yake ilikuwa 14, na zimwi huongezewa 6 juu ya dadu, kwa hiyo 8 au zaidi ingempata. Likimkosa, lisingeweza kumfuata na kumpiga tena, kwani mwendo wake wote ulikuwa umekwisha. Jikoni mke wangu akafunga mfereji apate kusikia.

Nikarusha. Dadu ikasimama kwenye 11. Nikarusha na dadu za madhara. Zilitosha na kuzidi.

"Sawa," alisema binti, akailaza chini punje ya mahindi iliyokuwa mpiga mishale wake. Karatasi hakuikunja.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya kakake. Alilitazama zimwi, akakitazama kifungo chake cha shati, kisha akakisukuma hadi ubavuni mwa dadake.

"Nafunga jeraha lake," akasema. "Zimwi lingoje."