Tulikuwa Kumi na Mmoja Songea

Usishangae kukuta habari za mpira wa miguu katika ukurasa huu. Sisi ni mume na mke, wakazi wa Tanga mjini, wazazi wa watoto wanne ambao wamekwisha kukua. Haya tunayaandika pamoja. Mama ameshika kalamu, na Baba ameketi pembeni akisahihisha majina ya viwanja. Siku moja tulikaa na majirani tukizungumza juu ya mambo yanayojenga nyumba na yanayoibomoa. Wengine walitaja fedha, wengine ulevi, wengine mawifi. Hakuna aliyetaja mpira. Sisi tungeutaja, na tungeuweka pande zote mbili.

Timu yetu ni Coastal Union, Wagosi wa Kaya. Kwa wasiojua lugha za kwetu, mgosi ni mwanamume, na kaya ni nyumbani. Timu hii ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, mwaka mmoja kabla ya ndoa yetu, na Baba hupenda kusema kwamba mema hayo mawili yalifuatana. Mama humwuliza ni lipi lililomfurahisha zaidi, naye hujikohoza tu. Mwaka ule Tanga nzima ilikuwa na timu. Hata bibi wasiojua mpira una umbo gani walivaa nyekundu na nyeupe. Baadaye timu ikashuka, ikazunguka miaka mingi katika madaraja ya chini, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2011. Hapo ndipo Baba alipoanza kusafiri nayo.

Anayeshabikia Simba au Yanga hawezi kuelewa safari hizo. Simba ikienda Mwanza au Mbeya huwakuta watu wake wamekwisha kujaa uwanjani, kwa sababu timu hizo mbili zina wenyewe kila mkoa. Lakini timu ya mkoa mmoja ikienda kucheza na timu ya mkoa mwingine, hukuta majukwaa yana nafasi ya kuanikia mpunga. Wageni wanaoifuata huwa watano, au saba, na wanajuana mpaka majina ya wake zao. Na tangu michezo ilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni, hao watano nao walianza kupungua. Nani apande gari siku nzima, na kule kibandani Ngamiani kuna kiti, chai na picha?

Baba alipanda gari. Alikwenda Mlandizi, Mbeya na Bukoba, ambako kwenda na kurudi kulimmalizia juma zima. Alirudi amechoka, shati lina vumbi, mfukoni hamna kitu. Ukimwuliza habari za huko anasema, "Tulikuwa wachache."

Akina mama wenzetu, mnajua neno hilo humwingiaje mke. Wachache ni wangapi? Wachache, au wawili? Mwanamume wa miaka hamsini aliyekwisha kupata kiinua mgongo chake, anaondoka kila baada ya majuma mawili, na wakati mwingine simu yake haipatikani. Tena wakati ule nyumba yetu ilikuwa na kidonda, nacho lazima tukieleze, maana bila hicho habari hii haina maana.

Mwaka 2012 mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alipewa ada ya chuo ya mwaka mzima. Fedha hizo zilitoka katika kiinua mgongo cha Baba. Kijana hakuzipeleka chuoni. Alikwenda Muheza, akanunua machungwa shambani, akakodi lori, akaamini kwamba atayauza Dar es Salaam, alipe ada na abaki na faida. Lori likaharibika njiani. Siku mbili za jua la Tanga mnazijua. Sokoni alifika na nusu ya mzigo, na nusu hiyo ikauzwa kwa bei ya kutupa.

Alirudi nyumbani akasema kweli yote. Hilo tunalitaja kwa sababu siku ile hatukulitazama. Baba alisema neno moja zito, ambalo hatutaliandika hapa, kisha akamwambia asikanyage tena kizingiti chake. Mama alikuwepo. Mama hakusema kitu, na kunyamaza kwake kulikuwa nako ni neno. Asubuhi kitanda cha kijana kilikuwa kimetandikwa, na begi halipo.

Kuanzia hapo Baba aliongeza safari za mpira. Mama akawaza yake.

Mwaka uliofuata Mama alisema, "Na mimi nitakwenda." Timu ilikuwa inakwenda kucheza na Mtibwa Sugar katika uwanja wa Manungu, huko Turiani mkoani Morogoro, katikati ya mashamba ya miwa. Baba hakukataa. Alisema tu kwamba hakuna vyoo vya kuaminika. Mama alikwenda kama askari wa upelelezi, kanga moja ya kuvaa na moja ya kufunikia macho. Akakuta nini? Akakuta watu sita wameketi kwenye nyasi, pembeni mwa uwanja uliozungukwa na miwa, wanagawana muhogo wa kuchoma. Mmoja ni fundi baiskeli, mzee, mwenye ngoma iliyopasuka upande mmoja. Mwingine ni mama muuza chapati, mjane, ambaye mumewe aliipenda timu hiyo mpaka kufa. Walimsogezea nafasi.

Uwanja ulikuwa kimya mno. Ulisikia mpira ukigongwa, ulisikia kocha akimkemea beki, na wachezaji walisikia kila neno letu. Mzee fundi baiskeli alimkaripia mshika kibendera kwa sauti ya kawaida tu, na mshika kibendera akageuka akamjibu, "Mzee, nimekusikia, niache nifanye kazi." Mama alicheka mpaka akatokwa na machozi, halafu akagundua kwamba machozi mengine hayakuwa ya kicheko. Baba alikuwa anatazama kijana mmoja wa timu yetu aliyekuwa mrefu, mwembamba, mwenye bega moja lililoshuka kidogo. Bega la mtoto wetu ndivyo lilivyo. Mama akafahamu kwamba Baba alikuwa hafuati mwanamke. Alikuwa anakimbia nyumba yenye kitanda kilichotandikwa.

Hatukuzungumza habari hiyo ndani ya gari. Watu wengine huzungumza, sisi hatukuwa hodari.

Baada ya hapo tulisafiri wote wawili mara kwa mara, kadiri fedha zilivyoruhusu. Mama alitengeneza chapati za njiani akishirikiana na yule mjane, na safari zikawa nafuu kidogo. Mwaka 2015 timu ya Majimaji ya Songea ilipanda Ligi Kuu, na ratiba ya msimu wa 2015/2016 ilipotoka tukaona Coastal itakwenda Songea. Baba aliisoma ratiba, akaikunja, akaiweka mfukoni. Mama alikuwa anaisoma juu ya bega lake.

Sasa tuungame. Mama alikuwa na namba ya simu. Kijana alimpigia mara ya kwanza miezi minane baada ya kuondoka, akasema yuko Songea, ananunua mahindi vijijini na kuyauza mjini, na akaomba Baba asiambiwe. Mama alitunza siri hiyo kwenye kopo la chumvi, karatasi ndogo imefungwa kwa nailoni. Naye Baba alikuwa na siri yake. Dereva mmoja wa lori alikuwa amemwambia kwamba kijana wake anaonekana soko la Songea, mzima, hana neno. Basi kwa muda wa karibu miaka mitatu tuliishi nyumba moja, tukila sahani moja, tukifichana jambo lilelile.

Walioandikisha majina kwa safari ya Songea walikuwa 19. Waliofika kwenye Kosta alfajiri ni 11, pamoja na sisi. Kila mmoja ilimbidi aongeze mchango, na wawili nusura wateremke Segera. Baba alikuja na gunia la machungwa ya Muheza begani. Mama alimtazama. Akasema ni ya mashabiki. Machungwa gunia zima kwa watu kumi na mmoja!

Ni zaidi ya kilomita 1,000. Tulipita Chalinze, Morogoro, Mikumi, tukaupanda mlima Kitonga polepole kama watu wanaobeba jeneza. Wakati ule magari ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, kwa hiyo tulilala Makambako, na baridi ya Makambako haikuhurumia watu wa pwani. Mjane alivaa kanga nne. Mzee fundi baiskeli aliikumbatia ngoma yake akidai inatoa joto. Tulipofika Njombe asubuhi, Mama alikwenda kando akapiga simu. Kijana alisema, "Nitaona, Mama." Hakusema atakuja.

Uwanja wa Majimaji siku ile wenyeji hawakuwa haba, kwa sababu timu yao ilikuwa imerudi Ligi Kuu na walikuwa na hamu nayo. Lakini upande tuliopewa sisi ulikuwa mtupu. Ngazi nzima za saruji, na sisi kumi na mmoja katikati yake, wekundu na weupe, kama nyanya chache zilizobaki kwenye meza ya sokoni. Ukiwa katika umati unaweza kujificha. Pale kila mtu wa Songea alituona. Vijana wa upande wa pili walituhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja, kisha wakatupigia makofi. Tuliona ni heshima. Baba anasema ilikuwa dhihaka. Hatujaafikiana.

Kipindi cha kwanza Mama hakuona mpira. Alikuwa anapekua nyuso za ng'ambo.

Wakati wa mapumziko mtu mmoja aliondoka katikati ya wenyeji, akateremka, akaanza kuzunguka nyuma ya goli kuja upande wetu. Ni mwendo mrefu, na hapakuwa na kitu cha kumficha. Alikuja polepole. Bega moja limeshuka. Mzee fundi baiskeli, ambaye amemjua tangu akiwa mtoto wa kushikwa mkono pale Mkwakwani, aliacha kupiga ngoma. Mama alitaka kusimama, miguu ikakataa. Baba alikuwa anatazama mbele tu, uwanjani, ambako hapakuwa na mchezaji hata mmoja.

Kijana alisimama ngazi moja chini yetu.

"Shikamoo, Baba."

Tulihesabu, si chini ya pumzi tatu.

"Marahaba. Umekuja kushangilia upande gani?"

"Wa nyumbani."

Baba alifungua gunia, akachagua chungwa, akalimenya kwa kisu chake cha mfukoni taratibu, ganda likatoka zima bila kukatika, akampa. Kijana alilipokea kwa mikono miwili. Wote wawili walijua ni chungwa la wapi. Tukaona midomo yao inatetemeka, na hatukujua wanataka kulia au kucheka. Mjane akatuokoa. Alisema, "Kaa basi mwanangu, unatuziba, kipindi cha pili kinaanza." Akakaa. Tukawa kumi na wawili.

Matokeo ya mchezo hatutayaandika hapa. Msimu ule ulituishia vibaya. Timu zote tatu za Tanga zilizokuwa Ligi Kuu, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo, zilishuka kwa pamoja mwaka 2016, na watu wa Tanga hawapendi kukumbushwa.

Usiku ule tulipelekwa kwenye chumba kimoja karibu na soko. Tulimkuta binti mmoja mpole, na mtoto mchanga wa miezi mitano ambaye hatukujua kwamba yupo duniani. Mama mwenyewe, pamoja na namba yake ya simu, hakuwa ameambiwa. Mama alikasirika kwanza, akambeba baadaye. Msidhani kila kitu kilinyooka. Baba alipotaja ada, kijana alisema mbele ya mkewe kwamba neno aliloambiwa siku ile bado analisikia akiwa anapima mahindi. Baba alitoka nje akakaa kwenye gunia tupu kwa muda mrefu. Aliporudi alisema, "Nilikosa." Ni neno fupi, lakini kwa mwanamume wa umri ule, mbele ya mkamwana aliyemwona kwa mara ya kwanza, ni mlima Kitonga mwingine. Kijana hakulijibu siku ile. Aliuliza tu kama tutapata kifungua kinywa kabla Kosta haijaondoka.

Hakurudi Tanga kuishi. Mwaka 2018 alianza kutuma fedha kidogo kidogo, akisema ni ile ada. Baba alizirudisha. Akatuma tena. Mama akaona ugomvi mwingine unakuja, akazichukua akanunua mabati, na mpaka leo hakuna aliyemdai.

Mwezi Julai 2022 Coastal ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Tuliahidiana kukutana huko, yeye na mtoto wanatoka Songea, sisi tunatoka Tanga. Safari hii magari ya Tanga yalijaa, na watu ambao hatukuwahi kuwaona Manungu wala Mlandizi walikuwa wanatufundisha nyimbo. Uwanja ulifurika. Simu hazikusikika. Tulimtafuta kijana kabla ya mchezo, tukamtafuta wakati wa mapumziko, tukanyoosha shingo kila palipokuwa na mtu mrefu. Mchezo uliisha mabao 3-3, tukashindwa kwa penalti, na hata tulipokuwa tunalia na wenzetu tulikuwa bado tunageuka geuka.

Tulimwona nje, watu walipokwisha kupungua, ameegemea ukuta karibu na lango. Mjukuu alikuwa amelala juu ya lile bega lililoshuka, kiatu kimoja hana. Baba alivuka barabara kwenda kumpokea mtoto, na Mama akarudi ndani kukitafuta kiatu.