Tengeru, Gugu Linapogeuka Mboga

Ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi, kilomita kama 13 tu, Mlima Meru umeshahamia mkono wa kushoto na migomba imeanza kuisogelea lami. Hapo ndipo Tengeru. Watalii wengi hupita bila kugeuza shingo, wanawahi ndege. Wachache wanaoshuka hufuata Ziwa Duluti, lililotuama ndani ya kreta yenye msitu, au makaburi ya Wapolandi, wakimbizi wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia walioanza kufika huku mwaka 1942, wengi wao wanawake na watoto. Yote yanastahili safari. Mimi hushuka kwa ajili ya mboga za majani.

Siku za soko ni Jumatano na Jumamosi. Ukifika mapema unakuta ndizi mshare zikiteremshwa kwenye malori, na upande wa mboga wanawake wametandika viroba na kupanga mafungu: mchicha, loshuu, majani ya maboga, mgagani, na mnafu, ambao kwingine huitwa mnavu na Nairobi huuzwa kwa jina la managu. Nilimsalimia mama mmoja mwenye mnafu wa majani mapana kama kiganja, nikamuuliza kama ni mchungu.

“Mchungu ni ule unaojiotea kwenye mahindi, mwanangu,” akasema. “Huu nimeupanda mwenyewe.”

Tumezoea kusoma kwamba ngano na shayiri zilitolewa porini na kufanywa mazao maelfu ya miaka iliyopita, huko Mashariki ya Kati, na watu tusiowajua. Tengeru kazi hiyo inaendelea mchana kweupe. Mnafu wa matunda ya rangi ya chungwa, wenye majani madogo, bado huota wenyewe baada ya mvua za kwanza, shambani na kandokando ya mifereji. Mgagani nao hupenda palipolala ng’ombe, kwenye samadi ya zamani. Hakuna aliyeanza kwa kuipanda. Mwanamke akipalilia mahindi, jembe lake liliuruka mche mmoja, kwa kuwa alijua jioni atahitaji mboga. Msimu uliofuata akaacha miche miwili ikomae, akakamua matunda, akaziosha mbegu, akazichanganya na majivu na kuzihifadhi. Kazi ilianzia hapo, kabla mtaalamu yeyote hajafika.

Wataalamu walipokuja, walikuja mahali pazuri. Udongo wa volkano ya Meru, mifereji ya maji ambayo Wameru wameichimba na kuitunza kwa vizazi, na baridi ya mlimani inayoshuka mpaka kwenye joto la tambarare katika mwendo wa dakika chache za gari. Serikali ina kituo cha utafiti wa mboga na matunda hapa, na mwaka 1992 shirika la kimataifa la utafiti wa mboga lenye makao yake Taiwan lilifungua hapa kituo chake cha Afrika. Kina benki ya mbegu, na ndani yake zimo mbegu za mimea ambayo wakoloni, na baadhi ya mabwana shamba wetu baada yao, waliiita magugu na kutaka ing’olewe.

Kazi yenyewe ni ya ukaidi kuliko inavyodhaniwa. Mmea wa porini hauna imani na mvua moja. Mbegu mbichi za mgagani hulala kwa miezi, halafu huamka kwa zamu, nyingine leo, nyingine baada ya wiki mbili. Kwa gugu hiyo ni akili, kwa mkulima mwenye tuta la kuuza ni hasara. Maganda yake yakikauka hupasuka na kumwaga mbegu chini kabla hujaleta ungo. Mnafu nao hukimbilia kuchanua, na ukishazaa, majani yanasinyaa. Ndiyo maana wakulima huvunja maua kwa vidole ili majani yaendelee kutoka. Mtafiti anachofanya ni kuchagua, msimu baada ya msimu: unaochelewa kuchanua, wenye jani pana, unaochipua tena ukichumwa. Aina mbili za mnafu zilizotokana na uteuzi huo zimepewa majina ya huku huku Arumeru, Nduruma na Olevolosi. Napenda majina hayo kuliko herufi na tarakimu za kwenye mifuko ya mbegu.

Tengeru haiko peke yake katika mambo haya. Rai, nafaka ya mkate mweusi wa Ulaya, ilianza kama gugu katika mashamba ya ngano, kama alivyoeleza Mrusi Nikolai Vavilov, bingwa wa asili ya mazao. Ila rai ilishamaliza safari yake. Mgagani bado uko njiani, na hata ule unaouzwa sokoni bado una tabia za porini.

Nina ugomvi mmoja tu na wateuzi: wasiuondoe uchungu wote. Mnafu uliochemshwa, ukamwagwa maji, kisha ukaungwa kwa kitunguu na maziwa au karanga za kusaga, unahitaji ukali kidogo ili usigeuke mchicha. Kula na ugali wa moto katika migahawa iliyo nyuma ya soko, halafu uniambie kama kabichi ina hoja.

Waongozaji wa safari za Kaskazini wangefanya jambo la maana wakiwaachia wageni wao nusu siku hapa kabla ya simba na tembo. Nawe msomaji, ukipita Jumatano au Jumamosi, shuka kabla ya saa nne asubuhi. Nunua fungu la mnafu, na umwombe aliyekuuzia akuuzie na mbegu.