Miguu ya Mbulu, ngumi za Mexico

Mbulu, asubuhi. Baridi ya huku humlazimisha mtu wa pwani kuvaa koti hadi saa nne. Vijana wanapita mbio kwenye barabara ya Karatu, wembamba, wepesi. Ukiwapima kwenye mizani ya mabondia, wengi wataangukia uzito wa bantam au unyoya. Lakini ulingo sijauona mji mzima. Ngumi za nchi hii zina kwao: Dar, Tanga, Morogoro.

Huku ndiko alikozaliwa John Stephen Akhwari. Oktoba 20, 1968 alianguka katika marathoni ya Olimpiki jijini Mexico, akaumia goti, akamaliza wa 57, wa mwisho, saa moja na zaidi nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Dunia nzima inaijua hadithi hiyo, nami naona imempunja. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh, huyuhuyu alishika nafasi ya tano kwa saa 2:15:05. Nani anaikumbuka?

Siku sita baada ya marathoni ile, Wameksiko wawili walitwaa dhahabu ya ngumi mbele ya watu wao: Ricardo Delgado, kilo 51, na Antonio Roldán, kilo 57. Huyu Roldán ndiye anayenisumbua. Nusu fainali alimtoa Mkenya Philip Waruinge wa Nakuru, majaji watatu kwa wawili. Fainali akapewa ushindi baada ya Mmarekani Al Robinson kuondolewa kwa kupiga kichwa. Halafu Waruinge, mwenye shaba yake, akakabidhiwa tuzo ya Val Barker, ya bondia bora wa Michezo yote! Roldán akaingia ngumi za kulipwa; ubingwa wa dunia hakuufikia.

Katesh, jioni. Njiani tumepita mashamba ya ngano ya Basotu, yaliyokuwa malisho ya Wabarbaig kabla ya trekta za serikali. Mlima Hanang, zaidi ya mita 3,400, umejifunika wingu. Gidamis Shahanga ni wa hapa: dhahabu ya marathoni Edmonton 1978, dhahabu ya mita 10,000 Brisbane 1982. Alishinda ugenini mara zote mbili, bila uwanja wa kumshangilia kama Roldán, na bila haja ya jaji kumwinua mkono. Aliyetangulia utepeni habishiwi.

Kwenye kibanda cha chai nimekaa na kijana anayejua mapambano yote ya bondia Hassan Mwakinyo, raundi kwa raundi. Lakini asubuhi yeye hukimbia. Nikamuuliza kwa nini asijaribu ngumi, na mwili anao.

"Nipigane na nani hapa, kaka? Wa uzito wangu nimtafute Arusha, nauli juu yangu. Barabara hii haina nauli."

Akaagiza chapati ya pili.