Sura ya Tano: Breki za Upepo

Najua nimepotea. Kuna aliyeniuliza kama nimefungasha virago nikarudi Bongo, kuna mwingine kasema labda nimepata mchumba. Hapana jamani. Wiki tatu zote hizi nilikuwa nasoma sura ya tano ya kitabu cha madereva wa malori, na wala sina mpango wa kuendesha lori.

Mwenye mpango ni mjomba wangu. Nyumbani aliendesha semi miaka 19, Dar mpaka Tunduma, kisha anavuka kwenda kufuata shaba Zambia na Kongo. Hapa Columbus anapakia maboksi ghalani usiku kucha. Ili apande lori la maana Marekani lazima awe na leseni ya magari ya biashara, na mojawapo ya vikwazo vyake ni mtihani wa maandishi wa breki za upepo. Maswali 25, unatakiwa upate 20. Ukifeli, leseni yako inagongwa herufi L, yaani huruhusiwi kuendesha gari lenye breki za upepo. Sasa niambieni, semi gani haina breki za upepo? Ni kama kupewa leseni ya uvuvi ukaambiwa usiguse maji.

Mara ya kwanza alipata 17. Mara ya pili 19. Siku ya hiyo 19 alirudi nyumbani akala ugali kimya, akavaa koti akaenda kazini. Mkewe ndiye aliyenipigia. Kuna kampuni ilishamwambia ikifika mwisho wa mwezi hajakamilisha mitihani ya maandishi, nafasi anapewa mwingine. Na mtoto wake wa kwanza yuko kidato cha tano nyumbani, ada haisubiri mtu.

Nilivyokwenda kwao na kitabu chao (kinapatikana bure, kila jimbo lina chake ila sura ya tano ni ile ile) nilidhani nakwenda kumfundisha breki. Thubutu! Ndani ya nusu saa yeye ndiye alikuwa ananifundisha mimi. Aliniuliza: "Mwanangu, lori likiwa limepaki, nini kinashika magurudumu?" Nikajibu upepo. Akacheka mpaka mkewe akatoka jikoni.

Kumbe iko hivi. Ukikanyaga pedali, ni kweli upepo ndio unaosukuma breki. Lakini breki ya kupaki ni springi, tena springi nene ya chuma, na kazi ya upepo ni kuirudisha nyuma isibane. Upepo ukiisha, springi inajiachia na gari linasimama. Ndiyo maana lori lisilo na upepo haling'oki lilipo. Na ule mlio wa "psssshh" mnaousikia dereva akipaki ni upepo unaotolewa ili springi ibane. Wazo la breki inayojishika yenyewe upepo ukipotea lilianza kwenye treni. George Westinghouse alipata hataza yake ya kwanza ya breki za upepo mwaka 1869, na miaka michache baadaye akaziboresha ili behewa likikatika lisimame lenyewe. Mimi nilikuwa napanda basi la chuo kila asubuhi nikidhani linapumua tu.

Sasa mtu anayejua yote haya anapataje 17? Tatizo la kwanza ni namba. Malori aliyoendesha nyumbani yalikuwa ya Ulaya, geji zake zinasoma kwa baa. Kichwani mwake upepo umejaa ikifika 8 na ushee. Hapa ni pauni kwa inchi ya mraba. Kompresa inaacha kusukuma kwenye 125 hivi, inaanza tena kwenye 100 hivi. Taa au kengele ya onyo lazima iwake kabla upepo haujashuka chini ya 55, ila matoleo ya zamani ya kitabu yalisema 60, na karatasi za mazoezi alizopewa na rafiki yake zilikuwa za zamani. Springi zinajifunga zenyewe upepo ukiwa kati ya 45 na 20. Tukachora jedwali, baa huku, pauni kule (baa moja ni 14.5), tukalibandika kwenye mlango wa friji. Halafu kuna kipimo cha kuvuja: injini imezimwa, breki zimeachiwa, kwa dakika moja lori pekee lisipoteze zaidi ya 2, lenye tela 3. Ukikanyaga pedali, 3 na 4. Akawa anaimba "mbili-tatu, tatu-nne" akipiga mswaki. Watoto wake nao wameshika.

Tatizo la pili ni Kiingereza, na hapa sitaki mtu aseme mjomba hajui Kiingereza. Anaongea vizuri tu. Ila kitabu kinasema "fan off" upepo, yaani kanyaga na kuachia pedali mara nyingi mpaka upepo upungue. Yeye akawaza feni ya rejeta. Sisi tungesema pampu breki, basi. Kwa hiyo tukawa tunasoma kwa Kiswahili ili kitu kieleweke, halafu tunarudia kwa Kiingereza ili aweze kukitamka. Hilo la pili halikwepeki. Sheria inamtaka dereva wa lori aweze kusoma na kuzungumza Kiingereza, na tangu tarehe 25 Juni 2025 akishindwa mbele ya mkaguzi barabarani anasimamishwa hapo hapo.

Tatizo la tatu ndilo lilitugombanisha. Nyumbani, breki zikilegea, dereva au tanboi anaingia chini na spana anakaza. Mjomba amefanya hivyo mara zisizohesabika, na anaamini ndiyo sababu ameshuka Kitonga miaka yote hiyo akiwa na shaba mgongoni na bado yuko hai. Kitabu kinasema hapana. Magari yaliyotengenezwa hapa tangu mwishoni mwa 1994 yana kifaa kinachokaza breki chenyewe, na ukiona kimelegea usikaze kwa mkono, peleka gereji, maana kuna kitu kingine kimeharibika na wewe unakificha. Mjomba akafunga kitabu. "Aliyeandika hiki hajawahi kulala porini."

Nilinyamaza. Ningemwambia nini? Kule gereji iko kilomita 200. Baada ya chai akakifungua mwenyewe, akasoma tena ile aya, akasema polepole kwamba kweli kuna tela moja alikuwa anaikaza kila safari, na mwisho wa siku ilikutwa bushi zimekwisha kabisa. Hakuongeza neno.

Kwenye kushuka mlima walipatana kabisa na kitabu. Ingiza gia nzito kabla hujaanza kushuka, usisubiri katikati. Chagua mwendo salama, ukifika hapo kanyaga mpaka upungue maili 5, achia, rudia. Ukishikilia pedali muda wote ngoma inapata moto, inatanuka, na kiatu hakiifikii vizuri. Kupiga free kuokoa dizeli ni kujichimbia kaburi. Hapo alitaja madereva watatu niliowahi kuwasikia tangu nikiwa mdogo, sikujua kumbe walifia mlimani.

Alhamisi iliyopita akaingia tena. Mimi nilikuwa kwenye kipindi, simu nimeificha chini ya daftari. Saa nne na dakika kumi ukaja ujumbe: "22." Bila neno lingine. Nilitoka nje kama naenda msalani.

Bado safari ipo. Tangu 7 Februari 2022 huwezi kufanya mtihani wa vitendo kwa leseni ya kwanza bila kupitia mkufunzi aliyesajiliwa, hata kama umeendesha miaka 19 kwingine, na ada yake si ndogo. Tena kwenye vitendo anakagua breki huku anaeleza kwa mdomo mbele ya mtahini, kwa hiyo Jumapili tunaanza upya, mimi nikiwa mtahini mwenye sura mbaya. Kampuni imekubali kumsubiri.

Haya, ngoja nikimbie maktaba. Jumatatu nina mtihani wa takwimu na sijafungua hata ukurasa.