Njia Ambayo Haijachongwa

Lugha ya R, inayotumiwa kuchambua takwimu, ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni programu huria: hailipiwi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kila amri ina ukurasa wake wa maelezo, na karibu na mwisho wa ukurasa huwepo sehemu fupi ya "Tazama pia", penye viungo vya kumpeleka msomaji kwenye kurasa jirani. Wengi huipita bila kuitupia jicho. Mimi naiona kuwa ndiyo sehemu yenye siasa kuliko zote.

Chukua ukurasa wa amri ya wastani, mean. Mwishoni unamwelekeza msomaji kwenye weighted.mean, yaani wastani unaozingatia uzito wa kila jibu. Kwa mtaalamu aliyebobea, hilo ni dogo. Kwa mwanafunzi wangu anayechambua utafiti wa kaya, ni la msingi. Katika tafiti hizo, baadhi ya maeneo huchukuliwa kaya nyingi kuliko sehemu yao katika idadi ya watu, kisha kila kaya hupewa uzito wa kusawazisha hesabu. Ukiuacha uzito huo, kaya za mjini zilizochukuliwa kwa wingi zitawasemea wa vijijini, na umaskini utaonekana umepungua mahali ambapo haujapungua. Kompyuta haitakukemea. Itatoa jibu, tena lenye desimali sita.

Sasa, asiyejua kwamba kuna wastani wa namna hiyo, atautafutaje? Kutafuta kunahitaji jina. Kiungo humpa mtu jina la kitu ambacho hakujua kuwa kipo. Watunga kamusi wetu wamelifahamu hili siku nyingi, ndiyo maana huandika "taz." na kumtuma msomaji kwenye kidahizo kingine.

Mwaka jana, mimi na wanafunzi wanne tulipitia maelezo ya kifurushi kimoja cha kujumlisha majedwali tunachokitumia darasani. Kurasa ziliandikwa vizuri, lakini kila moja ilikaa peke yake kama kisiwa. Tuliandaa viungo 11, tukavituma kwa wasimamizi. Kukiandika kiungo ni kazi ya dakika moja: jina la ukurasa ndani ya mabano, na kama ukurasa uko katika kifurushi kingine, unakitaja nacho. Kuamua ndiko kugumu, kwa maana kiungo kwenye kila neno ni kelele tu. Viwili tulivibishania jioni nzima.

Saba vilikubaliwa. Kuhusu vingine, msimamizi mmoja alijibu kwa upole kwamba havihitajiki, kwa kuwa anayetumia amri hizo huwa anazijua na nyenzake. Anayezijua ni nani? Ni yeye na wenzake waliozitunga. Simlaumu, anafanya kazi hiyo bila ujira, na kila kiungo kinachoongezwa ni mzigo wa kutunza, kwani amri ikibadilishwa jina, kiungo hufa. Lakini leseni imempa mwanafunzi wangu haki ya kuusoma msimbo wote bila kumwambia aanzie wapi, na haki ya aina hiyo tunaijua vyema katika nchi zetu.

R yenyewe hukagua vifurushi na kulalamika pale kiungo kinapoelekeza kwenye ukurasa usiokuwepo. Hutambua daraja lililovunjika. Mto ambao hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna watu wa kuuvuka, hauingii katika ukaguzi wowote.

Miongoni mwa vinne vilivyokataliwa kimo kile cha uzito. Tumekituma tena wiki iliyopita, safari hii pamoja na jedwali dogo lenye wastani mbili za kijiji na mji, moja yenye uzito na nyingine isiyo nao. Maelezo ya kukitetea ameyaandika mwanafunzi mwenyewe.